Jinsi ya Kuchoma Steki kwa Meza Yenye Ladha Tofauti: Mwongozo Kamili wa Sigiri

Malalamiko yanayonifikia ni ya aina moja. Mtu kaalika wageni nyumbani kwake hapa Uganda, Ntinda au Mbarara, kanunua nyama nzuri, kawasha sigiri, na mezani kuna watu wanne wenye vinywa vinne. Kijana aliyerudi kutoka Dubai anataka katikati pawe pekundu. Baba mkwe akiona maji mekundu kwenye sahani anaisogeza pembeni kwa adabu na kumalizia matoke yake. Mpishi anahangaika kumridhisha kila mmoja, na mwishowe wote wanakula kitu kimoja: nje masizi, ndani mbichi, au ukavu wa kutafuna hadi taya zichoke.

Ukichunguza, kosa karibu kila mara liko kwenye mambo matatu: nyama iliyochinjwa usiku na kuchomwa mchana wake, vipande vyembamba, na moto mmoja kwa watu wote.

Hapa tutatumia nyama ya unene mmoja, mioto miwili na saa. Anayependa iliyoiva kabisa ndiye anayeanza kupikiwa, anayependa nyekundu anafuata mwisho, na wote wanakula kwa pamoja. Nimeandika kwa ajili ya sigiri kwa sababu ndiyo iliyopo katika nyumba nyingi. Mwenye oveni aiweke nyuzi 120, nayo itashika nafasi ya sigiri ya moto wa pole; kikaango kizito cha chuma kitashika nafasi ya sigiri ya moto mkali. Joto lote humu ni la Selsiasi.

## Mahitaji

Kwa watu wanne:

- Steki nne za unene wa sentimita 4, kila moja gramu 300 hadi 350
- Sigiri mbili na wavu wa kila moja
- Mawe au vipande vya tofali vya kuinulia wavu mmoja
- Sufuria kubwa ya kufunikia, pana kuliko wavu
- Makaa makavu ya mti mgumu, yasiyo na vumbi jingi
- Kipimajoto cha nyama, kile chenye sindano
- Koleo refu la jikoni (uma uache kabatini, sababu itakuja)
- Chumvi, pilipili manga, mafuta ya kupikia, samli
- Trei yenye wavu mdogo juu yake, ubao, kisu kikali
- Friji, na friza kama yuko mtu anayetaka nyama nyekundu au ya waridi

Najua kipimajoto ndicho wengi watakachoruka. Kama huwezi kukipata, mpikie kila mtu hadi iive kabisa na umalize salama. Kuchoma ngazi nne tofauti kwa macho na kidole ni kazi ya mtu aliyesimama jikoni hotelini miaka mingi, naye pia hukosea.

## Hatua ya 1: Uliza kila mtu kabla hujaenda bucha

Usimuulize mgeni kwa majina ya hotelini, rea na midiamu na weldani. Wengi hujibu jina walilolisikia, halafu sahani ikifika wanashangaa. Uliza anachotaka kukiona: "Ukikata katikati, uone wekundu, rangi ya waridi, au usione wekundu wowote?"

Majibu yataangukia kwenye ngazi nne. Joto lililotajwa ni la katikati ya nyama, baada ya kupumzika, wakati wa kula.

- Nyekundu, nyuzi 50 hadi 52. Katikati ni nyekundu na vuguvugu. Ukiibonyeza inabonyea kwa urahisi.
- Waridi, nyuzi 54 hadi 57. Wekundu umefifia na maji ni mengi. Wapishi wengi hujichagulia ngazi hii.
- Waridi mpauko, nyuzi 60 hadi 63. Kuna mstari mwembamba wa waridi katikati, kingo ni za kahawia.
- Iliyoiva kabisa, nyuzi 70 hadi 72. Hakuna wekundu, na maji yanayotoka ni angavu.

Tofauti hizi zina sababu. Kwenye nyuzi 50 hivi protini za nyama zinaanza kuganda na nyama inashikana. Kati ya 60 na 65 ngozi nyembamba zinazofunga nyuzi za nyama zinasinyaa na kukamua maji. Kuanzia 66 kwenda juu kundi jingine la protini linajikunja, na hapo ndipo nyama inapoteza maji yake mengi zaidi. Kwa hiyo safari kutoka 63 hadi 72 inaharibu zaidi ya ile ya kutoka 50 hadi 60, ingawa nyuzi zinakaribiana.

Hapo kuna jambo moja linalosahaulika sana: anayetaka nyama iliyoiva kabisa hajaomba nyuzi 85. Kwenye 71 wekundu umekwisha. Kila nyuzi unayoiongeza baada ya hapo haimpi chochote ila ukavu.

Mgeni Mwislamu anaweza kuuliza juu ya maji mekundu. Damu ilitoka wakati wa kuchinja. Yale yaliyobaki ni maji ya nyama yaliyochanganyika na mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli na kuipa rangi yake. Aliyeridhika na maelezo hayo ale, asiyeridhika asishawishiwe. Mpikie hadi 71 na mzungumze mengine.

Onyo. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee sana, na mtu ambaye kinga yake imedhoofika kwa maradhi au dawa, wapikie iive kabisa. Kwao suala la ladha linakuja baadaye.

Umefaulu ikiwa una karatasi yenye majina manne na ngazi nne kabla hujatoka nyumbani.

## Hatua ya 2: Nunua kipande kulingana na mlaji

Mazoea yetu ni kumpa fileti mgeni mkubwa, na anayetaka nyama kavu anapewa chochote kilichobaki, tena chembamba. Mimi nafanya kinyume.

Nyama nyingi ya Uganda inatokana na ng'ombe wa kienyeji wa malishoni, wanaotembea sana na kula majani. Ina ladha kali lakini mafuta ndani ya msuli ni haba. Fileti, ile sarara iliyojificha chini ya uti wa mgongo, ndiyo laini kuliko zote na karibu haina mafuta. Ukiipeleka nyuzi 71 haina kitu cha kuiokoa. Mpe anayetaka nyekundu au waridi.

Anayetaka iliyoiva kabisa mnunulie steki ya ubavu, yenye mafuta kati ya misuli na pembeni. Mafuta hayo yanahitaji joto ili yayeyuke, na yakiyeyuka yanalainisha kinywa hata maji yakiwa yamepungua. Wa katikati wapewe sirloini.

Sehemu za mguu, shingo na kigasha usizifanye steki kwa ngazi yoyote. Zina kano na ngozi ngumu ambazo hulainika kwa saa nyingi za mchuzi tu.

Unene ni sentimita 4, na hili usilegeze. Mwenye bucha ana mazoea ya kukata vipande vya sentimita moja na nusu, naye atakuambia vinaiva haraka. Ni kweli vinaiva haraka, na ndiyo shida yenyewe: kipande chembamba kinaruka kutoka nyekundu hadi kavu kabla hujashika koleo vizuri. Kama bajeti ni ndogo, nunua kipande kimoja kinene na mgawane wawili wenye ngazi moja.

Ukiwa bucha, angalia haya:

- Muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga. Nyama isiyokaguliwa usiinunue kwa bei yoyote. Mwishoni mwa 2023 wilaya ya Kyotera ilikumbwa na kimeta, na waathirika walikuwemo waliokula au kushika nyama ya ng'ombe waliokufa wenyewe. Vijidudu vya kimeta vinaweza kustahimili moto wa jikoni, kwa hiyo kupika sana si kinga.
- Vifuko vyeupe ndani ya nyama, vya ukubwa wa punje ya mchele hadi harage dogo. Hao ni watoto wa tegu. Ukiviona, acha nyama hiyo na umwambie muuzaji.
- Mafuta ya manjano yasikutishe. Rangi hiyo inatokana na majani mabichi aliyokula ng'ombe.
- Harufu na mguso. Nyama njema ina unyevu bila utelezi.

Umefaulu ikiwa vipande vinne vinasimama kwa ubavu juu ya ubao bila kuanguka.

## Hatua ya 3: Ipe nyama muda

Machinjio yetu yanafanya kazi usiku, na alfajiri nyama iko kwenye ndoano za bucha ikiwa bado na joto la mwili. Wengi wanaamini hiyo ndiyo bora, kwa kuwa ni "ya leo". Kwa mchuzi wa kuchemsha saa mbili, haina neno. Kwa steki ni balaa.

Mnyama akishakufa, misuli yake inakakamaa, na hali hiyo inafikia kilele ndani ya saa 12 hadi 24. Ukiichoma wakati huo, hata fileti inakuwa ngumu. Baadaye vimeng'enya vya nyama yenyewe vinaanza kukata nyuzi kidogo kidogo na ulaini unarudi.

Kuna mtego mwingine. Ukiichukua nyama yenye joto, iliyokwishatolewa mfupa, na kuitupa kwenye friza papo hapo, misuli inajikunja kwa baridi na kuwa migumu kupita kawaida. Ndiyo maana ni vizuri kununua kwenye bucha yenye chumba cha baridi, ambako nyama imening'inia kwenye mfupa tangu jana yake. Bei itapanda kidogo. Lipa.

Nyumbani, panga vipande juu ya wavu ndani ya trei, viweke chini kabisa ya friji kwa siku tatu, mbali na vyakula vinavyoliwa bila kupikwa. Uso utakauka na kuwa mweusi kiasi. Hiyo ni dalili njema. Utelezi na harufu ya uchachu ni dalili mbaya, na nyama yenye dalili hizo itupwe.

### Kama yuko anayetaka nyekundu au waridi: friza kwanza

Usiruke sehemu hii. Tegu wa ng'ombe bado yupo katika ukanda wetu, na jicho la mkaguzi, hata liwe makini vipi, halioni kila kifuko. Watoto wa tegu wanakufa nyama ikifika nyuzi 60 hivi. Ngazi mbili za chini hazifiki huko. Kwa ngazi hizo mbili, baridi inafanya kazi ambayo moto hautaifanya.

Baada ya siku tatu za friji, funga vipande vizuri, kila kimoja peke yake, uviweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku saba kamili. Umeme ukikatika hadi nyama ikaanza kulainika, iyeyushe kwenye friji na umpikie mtu wa iliyoiva kabisa, mradi bado ina baridi. Nyama ya wekundu ianze upya. Kuyeyusha ni ndani ya friji, usiku kucha, kamwe si juu ya meza.

Tuseme wageni wanakuja Jumapili. Unanunua Jumatano, siku 11 kabla. Jumamosi inaingia friza. Jumamosi inayofuata inatoka na kushuka kwenye friji. Wanaotaka waridi mpauko au iliyoiva kabisa hawahitaji friza; nyama yao inunuliwe Jumatano ya wiki yenyewe.

Friza inaua tegu. Haiui bakteria, inawalaza tu, kwa hiyo usafi wa mikono na ubao ni uleule.

## Hatua ya 4: Chumvi, na vitu vya kutofanya

Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, nyunyizia chumvi pande zote, kijiko kidogo kimoja kwa kila kipande, na uirudishe nyama kwenye friji bila kuifunika. Chumvi kwanza inavuta maji nje, halafu maji hayo yenye chumvi yanarudi ndani. Hadi asubuhi uso unakuwa mkavu, na uso mkavu ndio unaoshika rangi. Kama umesahau, tia chumvi dakika tano kabla ya moto. Nusu saa kabla ndio wakati mbaya kuliko yote, maana maji yametoka na hayajarudi.

Usiichome kwa uma, usiigonge kwa nyundo, usiichanje. Katika kipande kizima cha msuli, bakteria wako juu, na moto wa juu unawamaliza. Ukiichoma kwa uma unawasukuma ndani, mahali ambapo ngazi nyekundu haina joto la kuwaua. Nyama iliyogongwa au kusagwa inapaswa kufika nyuzi 71, haijalishi mlaji anataka nini.

Papai bichi? Utomvu wake unalainisha kweli, lakini unakula uso tu, na ukiuacha sana unaufanya uwe uji. Kwa nyama iliyopumzishwa siku tatu, haina kazi. Ndimu na kitunguu saumu vitakuja mezani.

## Hatua ya 5: Hakiki kipimajoto

Jaza gilasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka sindano. Inapaswa kusoma sifuri.

Ukijaribu kwa maji yanayochemka, usitarajie 100. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, kwenye milima, ni karibu 93. Watu wametupa vipimajoto vizima kwa kutojua hili.

Kikipotoka nyuzi mbili, kumbuka kuzitoa au kuziongeza. Kikipotoka tano, nunua kingine.

## Hatua ya 6: Washa mioto miwili

Nje, au kwenye baraza iliyo wazi. Moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua, na hewa yake yenye sumu haina harufu ya kukuonya.

Usiwashe kwa kaveera (mfuko wa plastiki) wala mafuta ya taa, nyama itakusimulia. Tumia vijiti vikavu na maganda. Subiri kama nusu saa, hadi makaa yote yafunikwe na majivu meupe.

Sigiri ya moto mkali: ijaze makaa, wavu uwe karibu. Ukiweka kiganja juu ya wavu huwezi kuvumilia zaidi ya sekunde mbili au tatu.

Sigiri ya moto wa pole: mkono mmoja tu wa makaa, yakiwa yametandazwa. Inua wavu kwa mawe sentimita 10 hivi juu ya ukingo, halafu funika kwa sufuria kubwa iliyogeuzwa, ikiacha mwanya mdogo wa hewa. Hiyo sasa ni oveni. Kiganja kikiwa kwenye wavu kinavumilia sekunde nane hadi kumi. Kama unakiondoa mapema, toa makaa mawili matatu.

Weka akiba ya makaa yanayowaka pembeni. Ya pole yatahitaji kuongezewa mara moja au mbili.

## Hatua ya 7: Moto wa pole, kwa zamu

Hii ndiyo hatua inayowatenganisha walaji, na ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu kawaida yetu ni kuanza na moto mkali. Tukianza na moto mkali, uso unaungua wakati katikati bado ni baridi, na mtu wa iliyoiva kabisa anapata ganda jeusi la sentimita moja pande zote. Moto wa pole unapandisha joto sawasawa. Rangi tutaipa mwishoni, kwa muda mfupi.

Kausha vipande kwa kitambaa safi, vipake mafuta kidogo. Weka alama ya nani ni nani: kijiti kimoja kwenye mafuta ya pembeni kwa wa kwanza, viwili kwa wa pili, na kuendelea. Kumbukumbu itakuangusha moshi ukikuingia machoni.

Panga hivi:

1. Dakika ya 0: iliyoiva kabisa inaingia.
2. Dakika ya 15: waridi mpauko inaingia.
3. Dakika ya 20: waridi inaingia.
4. Dakika ya 25: nyekundu inaingia.

Geuza kila moja baada ya dakika kumi. Muda huu ni makadirio tu, maana sigiri hazifanani na upepo hauna adabu. Mwenye neno la mwisho ni kipimajoto. Chomeka sindano kutoka ubavuni hadi katikati kabisa, mbali na mfupa, anza kupima dakika ya 35, na uifute kila unapotoka kipande kimoja kwenda kingine.

Ondoa kila kipande kikifika hapa:

- Nyekundu: 42
- Waridi: 46
- Waridi mpauko: 52
- Iliyoiva kabisa: 63

Namba ziko chini ya zile za hatua ya kwanza kwa makusudi. Moto mkali utaongeza nyuzi sita hivi, na wakati wa kupumzika joto la nje linaendelea kuingia ndani, nyuzi mbili tatu nyingine.

Vyote vinne vitakaribia kumaliza dakika ya 50 hadi 55. Kimoja kikiwahi, kiweke kwenye sahani yenye joto, hakitaharibika kwa dakika kumi. Kikichelewa, ni kile cha iliyoiva kabisa, kiache kimalize. Usikiharakishe kwa kukihamishia kwenye moto mkali. Kukimbizwa huko ndiko kunakowafanya watu waamini kwamba nyama iliyoiva lazima iwe kavu.

Wakati kinasubiri, kipake samli kila unapofunua. Vipande vingine havihitaji.

Umefaulu ikiwa vipande vina rangi ya kijivu isiyovutia hata kidogo. Mgeni akichungulia atakuonea huruma. Mwache.

## Hatua ya 8: Moto mkali, kwa kifupi

Kausha uso tena. Unyevu wowote unageuka mvuke, na penye mvuke rangi haishiki.

Pepea sigiri kali hadi makaa yawe mekundu kabisa. Weka vipande viwili kwa wakati mmoja: kwanza iliyoiva kabisa na waridi mpauko, halafu waridi na nyekundu. Kila upande sekunde 45 hadi dakika moja, geuza, rudia mara moja kama rangi haijakolea. Simamisha kipande kwa koleo ukaange na mafuta ya ubavuni. Yakidondoka na kuwasha moto wa ndimi, sogeza nyama, usimwagie maji. Majivu yatakuwa kitoweo chako.

Mtu wa nyekundu akitaka ganda jeusi kama la muchomo (nyama choma) wa Wandegeya, Kampala, mpe sekunde chache zaidi kila upande ukigeuzageuza haraka, badala ya kukiacha kipande kilale upande mmoja.

Pima mara ya mwisho. Iliyoiva kabisa iwe 68 au zaidi sasa hivi, ili ikipumzika ifike 70. Ikiwa chini, irudishe kwenye moto wa pole chini ya sufuria.

Pilipili manga tia sasa. Ukiitia mapema inaungua na kuwa chungu.

## Hatua ya 9: Pumzisha, kata, gawa

Dakika tano hadi nane juu ya wavu, si juu ya sahani bapa, maana chini patalowa na ganda litalainika. Ukikata mapema maji yanamwagika ubaoni, na kwa kipande kilichoiva kabisa, ambacho maji yake ni machache, hiyo ni hasara usiyoimudu.

Kata kukingama na mwelekeo wa nyuzi za nyama. Kwa iliyoiva kabisa kata vipande vyembamba, nusu sentimita, umpelekee mlaji vikiwa vimekatwa. Meno yanapata nyuzi fupi na nyama inaonekana laini zaidi ya ilivyo. Wengine wakate wenyewe.

Mchuzi nao ugawe kwa akili. Nyekundu na waridi zinatosheka na chumvi na ndimu. Iliyoiva kabisa inahitaji mafuta kutoka nje, na hapa watu wa magharibi mwa Uganda walishamaliza kazi zamani: eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli wa Kinyankole, vijiko viwili juu ya nyama ya moto. Nimeona mezani watu wa nyekundu wakiomba ya baba mkwe. Kachumbari na gonja (ndizi) ya kuchoma ni vya wote.

Sahani za nyekundu zisikae karibu na za watoto. Koleo lililoshika nyama mbichi lioshwe kabla ya kushika iliyokwisha iva.

## Sahani ikirudi

"Bado mbichi." Usirudishe kipande kizima kwenye moto mkali. Kikate katikati kwa unene, weka upande uliokatwa chini kwenye moto wa pole, funika, dakika tatu, pima.

"Imekauka." Haina marejeo. Ikate nyembamba sana, ichanganye na samli ya moto na chumvi kidogo, na wakati mwingine itoe kwenye moto wa pole nyuzi tatu mapema.

Ganda halijashika rangi. Uso ulikuwa na maji, au makaa yalishaanza kufa. Kausha, pepea, rudia sekunde 30 kila upande.

Ina pete pana ya kijivu na nyekundu kidogo tu katikati. Moto wa pole haukuwa wa pole. Punguza makaa, inua wavu zaidi.

Imebaki. Ndani ya saa mbili iwe kwenye friji. Ya waridi na nyekundu usiipashe moto. Kesho ikate ikiwa baridi, nyembamba, uizungushie chapati na kachumbari. Iliyoiva kabisa itie kwenye mchuzi wa nyanya dakika tano za mwisho, si mwanzo.